Msaidizi wa Akili Unde Apewe Kivinjari Chake, Si Chako

Wasomaji, leo sina habari ya simu mpya wala programu ya bure. Leo nina ugomvi. Ugomvi wenyewe ni na waunda programu wenzangu, wale ambao siku hizi wanamwonyesha kila mtu namna ya kumuunganisha msaidizi wa akili unde (Watanzania husema akili mnemba, ni dude lile lile) na kivinjari kile kile ambacho mtu anakitumia kila siku. Unafungua Chrome yako, unaweka kiendelezi, unamwandikia msaidizi "nijibie barua pepe zote za leo", halafu unakaa kando na kikombe cha chai huku kishale kikijiendea chenyewe kwenye skrini. Watu wanapiga makofi. Mimi sipigi. Nasema huo ni uzembe, na anayemfundisha mteja wake kufanya hivyo anafaa aulizwe maswali.

Kabla hujanirukia, elewa kwamba sina shida na roboti kuendesha kivinjari. Nimekula mkate kwa kazi hiyo. Mwaka 2004 Jason Huggins, akiwa ThoughtWorks mjini Chicago, alichoka kubofya-bofya programu ile ile kuijaribu kila ilipobadilishwa, akaandika kifaa kilichokuja kuitwa Selenium. (Jina ni mzaha: kulikuwa na kampuni shindani iliyoitwa Mercury, yaani zebaki, na seleniamu husemwa kuwa ni dawa ya sumu ya zebaki.) Google ikaleta Puppeteer mwaka 2017, Microsoft ikaleta Playwright mwaka 2020. Hivi vyote ni vifaa vya majaribio na ni vizuri mno. Usiku nimelala, roboti anafungua tovuti ya mteja, anajaza fomu, anabofya, na asubuhi ananiambia kitufe gani kimekufa.

Kilichobadilika ni nani anaamua. Zamani amri niliziandika mwenyewe: fungua ukurasa huu, bofya kitufe kile, ukiona neno hili simama. Roboti hakuwa na akili, na kwa kukosa akili hakuweza kudanganywa. Kisha Novemba 2024 Anthropic wakatoa Model Context Protocol, MCP kwa kifupi, utaratibu wa kumuunganisha msaidizi na vifaa vya nje. Mwaka uliofuata Microsoft wakaiweka Playwright ndani ya utaratibu huo. Sasa msaidizi anausoma ukurasa, anaamua abofye wapi, anabofya, anasoma kilichotokea, anaamua tena.

Mara nyingi hatazami picha. Playwright humpa muundo wa ukurasa kwa maandishi: hiki ni kitufe, jina lake "Tuma", hiki ni kisanduku cha kuandikia, jina lake "Barua pepe". Ni muundo ule ule unaotumiwa na visoma skrini vya watu wasioona. Hapa niruhusu nicheke kidogo, kicheko cha uchungu. Kwa miaka mingi tumewaomba wenye tovuti waweke majina kwenye vitufe ili wasioona nao wapate huduma, tukajibiwa hakuna bajeti. Roboti alipokuja akashindwa kukiona kitufe, bajeti ikapatikana!

Haya, turudi kwenye ugomvi.

Kivinjari kitupu na kivinjari chako ni vitu viwili tofauti kabisa. Tofauti yake inaitwa vidakuzi. Ukiingia kwenye tovuti kwa neno la siri, tovuti hukupa kidakuzi, kama ule muhuri unaopigwa mkononi ukiingia uwanjani kutazama mpira. Baada ya hapo hakuna anayekuuliza tiketi. Ukitoka na kurudi unaonyesha mkono tu. Chrome yako ya kila siku ina mihuri mingi: barua pepe, benki, eCitizen, iTax, mifumo ya kazini, WhatsApp. Anayekalia kiti cha dereva katika kivinjari hicho hahitaji neno lako la siri hata moja. Kwa tovuti zote hizo, yeye ni wewe.

Google wanalijua hili vizuri. Chrome ina mlango wa nyuma wa waunda programu, mara nyingi poti 9222. Ukiifungua Chrome kwa amri ya kuwasha mlango huo, programu yoyote iliyo ndani ya tarakilishi yako inaweza kuingia na kuiendesha, wala haiulizwi neno la siri. Wezi wa vidakuzi waliupenda sana. Kwa hiyo mwaka 2025, kuanzia Chrome 136, Google waliamua kwamba mlango huo haufunguki tena kwenye wasifu wako wa kawaida. Ukiutaka, tengeneza folda nyingine, wasifu mwingine, usio na mihuri yako. Uamuzi mzuri, ungefaa kutuonyesha njia. Nasi tukafanya nini? Tukazunguka nyuma ya nyumba, tukaleta viendelezi vya kumwingiza msaidizi ndani ya wasifu ule ule uliofungwa, kisha tukaita hiyo "urahisi".

Sasa sikiliza kwa nini hatari hii ni ya aina yake. Tangu enzi za Netscape, katikati ya miaka ya 1990, vivinjari vinafuata kanuni moja kuu: ukurasa wa tovuti moja hauwezi kusoma yaliyomo katika tovuti nyingine. Unaweza kufungua blogu ya udaku katika kichupo kimoja na benki katika kingine, na ile ya udaku haitaiona benki. Kuna ukuta katikati. Usalama wa wavuti tunayoijua umejengwa juu ya ukuta huo. Msaidizi aliye ndani ya kivinjari chako anatembea pande zote mbili za ukuta. Ukurasa wa udaku hauhitaji kuuvunja, unamtuma tu yeye.

Unabisha? Agosti 2025 watafiti wa Brave walionyesha jambo hili kwa kivinjari cha Comet cha Perplexity. Waliweka maoni kwenye ukurasa wa Reddit, wakayaficha kwa kile kitambaa cheusi ambacho huweka juu ya maneno ili usiharibiwe hadithi. Ndani ya maoni yale mlikuwa na maagizo. Mtumiaji alipobofya "fupisha ukurasa huu", ombi la kawaida kabisa, msaidizi alisoma maagizo akayatii. Alikwenda kwenye akaunti ya Perplexity ya mtumiaji akachukua anwani ya barua pepe, akaomba nambari ya kuingilia ya mara moja, akaenda Gmail ambako mtumiaji alikuwa tayari ameingia, akaisoma nambari, akarudi Reddit na kubandika vyote viwili kama jibu hadharani. Hakuna virusi. Hakuna neno la siri lililoibwa. Ni maandishi tu, yaliyoandikwa na mtu asiyejulikana kwenye ukurasa ambao yeyote anaweza kuandika.

Wapo wanaosema hilo ni kosa la kampuni moja na litarekebishwa. Lile moja, ndiyo. Ila ugonjwa wenyewe hauko Comet, uko katika namna msaidizi anavyosoma. Kwake, maneno yako na maneno ya ukurasa yanafika katika mkondo mmoja. Wewe umesema "fupisha", ukurasa umesema "nenda Gmail", na yote ni maneno tu. Wakongwe wa hifadhidata mtakumbuka tulivyosumbuka na watu waliopenyeza amri za SQL kupitia visanduku vya fomu. Tuliponea kwa sababu kulikuwa na tiba halisi: unaitenganisha amri na data, hifadhidata inajua hii ni amri na hii ni jina la mteja, hata kama jina lina alama za ajabu. Katika msaidizi wa akili unde utengano huo haupo. Desemba 2025 Kituo cha Taifa cha Usalama wa Mtandao cha Uingereza kiliandika jambo hilo hilo, kwamba huku kupenyeza maagizo si sawa na SQL, na kwamba huenda kusiishe kabisa.

Wala wazo lenyewe si geni. Mwaka 1988 Norm Hardy aliandika kisa cha programu ya kutafsiri msimbo katika tarakilishi iliyotumiwa na watu wengi. Programu ile ilikuwa na ruhusa ya kuandika takwimu zake katika folda ya mfumo. Faili la malipo ya wateja nalo lilikuwa humo. Mtumiaji mmoja akaiambia iweke matokeo yake katika faili lenye jina la lile la malipo. Yeye mwenyewe hakuwa na ruhusa ya kuligusa, lakini programu ilikuwa nayo. Ikaandika, hesabu za malipo zikapotea. Haikuvunjwa, ilitumwa. Ilishika ruhusa za bwana mmoja huku ikisikiliza maneno ya mwingine. Hiyo ndiyo picha ya msaidizi wako, isipokuwa yeye anamsikiliza kila aliyewahi kuandika kitu kwenye intaneti.

Tuwe waungwana, tutazame takwimu. Agosti 2025 Anthropic walipoanza kujaribu kiendelezi chao cha Chrome walitangaza matokeo yao wenyewe: bila kinga, mashambulizi ya aina hii yalifaulu 23.6%, na kinga walizoweka, 11.2%. Novemba mwaka huo wakasema mfano wao mpya umeshusha hadi karibu 1%, na wakakiri kwamba hiyo bado ni hatari ya kweli. Nawapongeza kwa kusema ukweli. Lakini piga hesabu kwa akili ya duka. Msaidizi anasoma kurasa mamia kwa siku, na mshambuliaji halipi chochote kujaribu tena. Ungekubali mlango wa nyumba ambao mara moja kwa kila wezi mia unafunguka wenyewe?

Najua majibu yenu.

La kwanza: "Mimi hubofya Kubali kabla ya kila hatua." Siku ya kwanza, ndiyo. Kufikia siku ya nne unabofya kama mtu anayefukuza nzi. Waliotengeneza Windows Vista walituuliza ruhusa mpaka tukazoea kukubali bila kusoma, na wanadamu hatujabadilika tangu wakati huo.

La pili: "Mimi ni mtu mdogo, sina cha kuibiwa." Una marafiki ambao wakipata ujumbe kutoka kwa namba yako ya WhatsApp ukisema umekwama hospitalini watatuma pesa kabla hawajapiga simu. Hicho ndicho cha kuibiwa.

La tatu ndilo zito, na ni letu wenyewe: "Wakenya tumekuwa tukimpa kijana wa saiba maneno yetu ya siri miaka yote." Kweli kabisa. Kila Juni ikikaribia tarehe 30, foleni ya saiba inafika barabarani, na watu wazima wenye heshima zao wanamwandikia kijana PIN ya KRA na neno la siri kwenye karatasi. Sipendi, lakini hebu mlinganishe kijana huyo na msaidizi. Kijana anafungua akaunti yako moja, kwa dakika kumi, umesimama nyuma yake. Ana sura, ana jina, mama yake unamjua. Na la muhimu zaidi: akiona karatasi imebandikwa ukutani imeandikwa "chukua neno la siri la mteja ulitume kwa namba hii", atacheka. Msaidizi huenda akatii. Kijana anaweza kuwa mwizi, hilo ni tatizo la zamani na tunalielewa. Msaidizi si mwizi hata kidogo, ni mtiifu kupita kiasi kwa watu asiowajua.

Kilichonifanya niandike leo ni mhasibu mmoja. Ana wateja kama arobaini, maduka na kampuni ndogo ndogo, na maneno yao yote ya siri ya iTax yamehifadhiwa kwenye Chrome ya ofisini. Kila mwezi kufikia tarehe 20 ritani za VAT lazima ziwe zimeingia, kwa hiyo wiki ya tatu hulala saa nane usiku. Aliomba nimuunganishie msaidizi kwenye Chrome ile ile, akiniambia, "Fundi, wewe niwekee tu, mimi nitamsimamia." Namwelewa. Kazi ile inachosha. Ukishaingiza PIN na neno la siri, iTax inakuuliza hesabu ndogo ya namba mbili ili kuthibitisha wewe si mashine, jambo ambalo leo linachekesha, maana mashine inajumlisha kuliko mimi.

Nilikataa. Chrome ile ile ndiyo inayopokea barua pepe za wateja wake na ankara kutoka kwa watu asiowajua. Barua moja tu yenye maagizo ya kijanja, imeandikwa kwa rangi nyeupe juu ya nyeupe, na msaidizi amesimama katikati ya siri za biashara arobaini. Na siri hizo si za mhasibu. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, zikivuja na wenyewe wakawa hatarini kudhurika, ana saa 72 kumwarifu Kamishna wa Data. Atamwambia nini? Kwamba aliyefungua mlango ni programu aliyoiambia ifupishe barua?

Nilichompa ni hiki. Wasifu mtupu kabisa kwa ajili ya msaidizi, bila barua pepe, bila WhatsApp, bila maneno ya siri yaliyohifadhiwa. Mteja mmoja kwa wakati mmoja: mhasibu anaingia mwenyewe, msaidizi anajaza, kivinjari kinafungwa na kila kitu kinafutika. Ankara zinasomwa katika hatua nyingine, na programu isiyoweza kugusa kivinjari, na kinachovuka ni namba tupu katika jedwali. Kitufe cha kuwasilisha kinabofywa na binadamu baada ya kulinganisha jumla. Ni polepole kuliko alivyotaka. Alinung'unika, na haki yake. Lakini ukurasa ukimdanganya msaidizi, katika wasifu ule hatakuta cha kuiba zaidi ya ritani moja.

Kwa wale mnaotumia Playwright kupitia MCP: ikiachwa yenyewe hutumia wasifu wake, tofauti na wako, na ukiongeza --isolated haihifadhi chochote ukiifunga. Hiyo ndiyo ya kutumia. Ile --extension, inayoiunganisha na kivinjari ulichokwisha kukifungua, ndiyo ninayoipigia kelele. Kuna na --allowed-origins ya kuorodhesha tovuti zinazoruhusiwa, lakini someni maelezo yake vizuri: wenyewe wameandika kwamba hiyo si mpaka wa usalama. Ukitaka mpaka wa kweli uweke nje, kwenye mtandao, mahali ambapo msaidizi hana mkono.

Na huo "nje" ndio msingi wa yote. Tazama M-Pesa. Ukinunua kitu kwenye tovuti, ombi la PIN halitokei ndani ya kivinjari, linatokea kwenye simu yako, kupitia laini. Msaidizi anaweza kujaza kikapu, anaweza kudanganywa mara kumi, lakini PIN hawezi kuiandika kwa sababu kidole chake hakifiki huko. Waliobuni hivyo hawakuwa wakifikiria akili unde hata kidogo, na bado wametukinga nayo kuliko viendelezi vyote vya mwaka jana. Benki zinazothibitisha malipo kwa nambari inayoandikwa kwenye ukurasa ule ule zina la kujifunza hapo.

Kisha sisi wenyewe tunaubomoa ukingo huo kwa mikono yetu. Wangapi kati yenu mmefungua SMS zenu kwenye tarakilishi kupitia Google Messages, ili msihangaike kuinua simu? Nambari za benki zinafika hapo hapo, ndani ya kivinjari, kichupo cha tatu kutoka kushoto. Kama umemweka msaidizi humo, umempa mlango na ufunguo pamoja. Chukua simu yako sasa hivi, fungua Messages, tafuta orodha ya vifaa vilivyounganishwa, uondoe tarakilishi yoyote ambayo msaidizi anaiendesha. Halafu fanya vivyo hivyo kwa WhatsApp.